Mstari Ambao Hakuna Aliyeuandika

Katika kile kiwanda kidogo cha kuchapa vitabu vya wasioona, watu wote walimwita Shangazi, tangu Meneja hadi mlinzi wa getini, ingawa hakuwa shangazi wa hata mmoja wao. Jina lilimkaa tu. Mwanamke wa miaka hamsini na minane, mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza kidogo, asiyemung'unya maneno, na macho ambayo hayakupata kuona mwanga tangu siku aliyozaliwa. Kazi yake ilikuwa kusoma prufu. Kitabu kikishachapwa nakala ya kwanza kwa nukta nundu, zile nukta zinazoinuka juu ya karatasi ili kidole kizisome, kinaletwa mezani kwake kabla ya kwenda shuleni. Asipokipitisha yeye, hakiendi.

Hakusoma peke yake. Ubavuni mwake alikaa Mama Pacha, mshika nakala, mwanamke mnene mcheshi mwenye miwani ya kamba. Shangazi anasoma kwa vidole, kwa sauti. Mama Pacha anafuata kwa macho kwenye kitabu cha kawaida. Wakitofautiana, Mama Pacha anagonga meza kwa penseli na wote wawili wanasimama. Miaka kumi na moja wamekaa hivyo, bega kwa bega. Wamesoma pamoja hesabu, kilimo, vitabu vya dini, na riwaya moja ya mapenzi iliyowafanya wacheke mpaka wakaomba ruhusa watoke nje kupunga upepo.

Sasa, tuseme ukweli, mwaka ule Shangazi alikuwa na hofu, na hofu yenyewe ilikuwa kwenye ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Kidole kilikuwa kimeanza kuwa kigumu. Asubuhi za baridi alikisugua kwenye sketi kabla ya kuanza kazi, akipiga ngumi na kufungua, akijidai anajinyoosha. Herufi e na herufi i katika nukta nundu ni nukta mbili mbili tu, moja imeelekea huku na nyingine kule, na mwezi wa pili alikuwa amepitisha ukurasa ambao e imekaa mahali pa i. Shule ikaandika barua. Barua ya heshima, lakini barua. Meneja akaisoma mbele ya watu wote, akaikunja, akasema mambo kama hayo hutokea. Shangazi hakusahau.

Meneja huyu alikuwa mgeni, ana mwaka mmoja tu pale. Si mtu mbaya, msinielewe vibaya. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yaende, na mambo yenyewe yaende upesi. Alikuwa ameshasema mara mbili kwenye kikao kwamba programu mpya ya kiwanda inageuza maandishi kuwa nukta bila kukosea, kwa hiyo huenda hakuna haja ya kusoma kila ukurasa kwa kidole. Usomwe ukurasa mmoja katika kumi. Shangazi angehamishiwa mapokezi, apokee simu, mshahara uleule, kiti kizuri zaidi. Aliyasema hayo kwa upole kabisa, kama mtu anayekupa zawadi. Shangazi alitabasamu siku ile, na alipofika nyumbani akalia. Kusoma ndiyo kazi aliyoijua. Kitu kingine chochote duniani alikuwa amesimuliwa. Vitabu tu ndivyo alivyovijua mwenyewe, kwa mkono wake.

Basi ikafika siku ya Jiografia ya darasa la saba. Kitabu kinene, juzuu nne za nukta nundu, kimejaa mvua na milima. Walikuwa ukurasa wa sitini na moja, saa nne asubuhi, chai imepoa pembeni, Shangazi anateleza vizuri kwa sauti ya mtu aliyezoea. Mvua hunyesha kwa wi, akasoma, na kabla hajajizuia mdomo ukaendelea na kilichokuwa chini ya kidole. Kilikuwa Kiingereza. Onyo, alama isiyojulikana, ndivyo yalivyosema maneno yale, kisha rundo la vituo na mikwaju isiyo na mpango wowote, kisha, kama hakuna kilichotokea, ngi katika nyanda za juu.

Mama Pacha aligonga meza.

"Hapa kwangu pana wingi tu," akasema. "Mvua hunyesha kwa wingi. Hayo mengine umeyatoa wapi?"

Shangazi akarudi nyuma, akasoma tena. Yalikuwepo. Akarudi mara ya tatu, kidole kinatoka jasho, na kidole kikitoka jasho nukta zinateleza, na nukta zikiteleza hujui tena unasoma au unakumbuka. Akasema yapo. Mama Pacha akaichukua karatasi akaitazama. Lakini Mama Pacha, pamoja na miaka yake kumi na moja, hakuwa amejifunza nukta nundu. Nani angemfundisha, na za nini? Yeye alikuwa wa kitabu cha wino. Aliona karatasi nyeupe yenye vipele vyeupe, akairudisha.

Na hapa inabidi niseme jambo ambalo Shangazi hakuwa amemwambia mtu, hata mumewe. Mstari ule haukuwa wa kwanza. Tangu mwezi wa tatu alikuwa ameugusa mara tatu, katika vitabu vitatu: hadithi ya darasa la nne, sayansi ya darasa la sita, na kitabu cha afya. Kila mara neno linakatika katikati, yanaingia yale maneno ya kigeni, kisha neno linamalizika. Na kila mara Shangazi, barua ya shule ikiwa bado inamuuma, alijiambia ni kidole. Kidole kimechoka, kinachanganya, kinaota. Kwa hiyo alifanya jambo ambalo msoma prufu hafanyi: aliruka. Alimsomea Mama Pacha neno zima kama lilivyopaswa kuwa, na penseli haikugonga. Vitabu vikapita. Siku hii ya Jiografia alikuwa anapanga kuruka tena, ila mdomo ulimtangulia.

Habari ilifika kwa Meneja kabla ya chakula cha mchana. Akaja na Mtaalamu, kijana mrefu wa kompyuta ambaye ndiye aliyeitunza ile programu, mtu wa maneno machache na soksi zisizofanana. Mtaalamu alikuwa ameshaangalia. Faili la kitabu halina maneno yale popote. Na ameiendesha kwa mkono wake mwenyewe ile amri ya kompyuta inayogeuza maandishi kuwa nukta, ukurasa wote huo, matokeo yametoka safi. Alisema hivyo kwa upole, tena kwa masikitiko, maana alimpenda Shangazi. Shangazi ndiye aliyemzoesha kijana huyo kula mchana badala ya kushinda na biskuti.

Meneja akapendekeza jambo la haki. Ukurasa uchapwe upya, huohuo mmoja, wasome pamoja. Mashine ikanguruma chumba cha pili, karatasi ikaletwa ingali na joto. Ile ya kwanza ikaingia kwenye gunia la taka, kwa sababu hivyo ndivyo wanavyofanya hapo na prufu zilizorudiwa, na jioni hiyohiyo gunia likachukuliwa. Shangazi akaweka vidole, watu watatu wamemzunguka. Mvua hunyesha kwa wingi katika nyanda za juu. Akasoma mpaka mwisho wa ukurasa. Hapakuwa na kitu.

Hakuna aliyemcheka. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Meneja akamwekea mkono begani akasema amefanya kazi nzuri miaka mingi, na kwamba wakimaliza Jiografia watakaa waongee kuhusu mapokezi, hakuna haraka. Mama Pacha alijikohoza, akaanza kuchonga penseli ambayo tayari ilikuwa na ncha.

Jioni ile Shangazi alikaa nyumbani na mumewe, fundi cherehani mstaafu ambaye bado alishona vifuko vya mito ili mikono isisahau. Akamwambia yote, isipokuwa yale ya vitabu vitatu. Mume aliinuka, akaja na vipande vya kitambaa, akamwekea mapajani kimoja kimoja. Shangazi akavitaja: hariri ya bandia, pamba, pamba iliyochanganywa, kitani, hiki ni shuka letu la zamani. Vyote sawa.

"Wewe vidole vyako vinajua hata nikikosea kunyoa ndevu," mume akasema.

"Kitambaa si herufi."

"Basi kamwombe mtu mwenye macho akuangalizie hizo herufi. Mbona unabeba peke yako?"

Shangazi akamjibu kwamba hakuna mwenye macho anayezijua pale kazini. Mume akasema wenye macho nao wana vichwa, wanaweza kujifunza. Akarudi kwenye cherehani yake. Ni mtu wa namna hiyo, akishasema lake amesema.

Siku tatu zikapita bila jambo. Ya nne, ukurasa wa themanini na nane, juzuu ya pili, Shangazi akaugusa tena. Bonde hili lina ru, na kisha mstari uleule, onyo lilelile, vituo vilevile, na kisha tuba nyingi. Safari hii alikuwa macho. Mdomo ulijifunga kwa wakati. Mama Pacha alikuwa anasubiri, penseli hewani, akidhani mwenzake anameza mate.

Jamani, ingekuwa rahisi kiasi gani. Neno moja tu: rutuba. Angelisema, wangesonga mbele, kitabu kingepita, na pengine hata habari ya mapokezi ingesahaulika. Na akisema amegusa kitu, na wakaja wakaangalia, na wakakuta hakuna? Ya kwanza wangeweza kusema ni uchovu. Ya pili ingekuwa hukumu. Angeondoka kwenye kiti kile mchana huohuo, na yeye mwenyewe angejua kwamba ni haki. Alikiacha kidole palepale kwenye karatasi, hakukisogeza, kana kwamba mstari ungeweza kukimbia.

"Mama Pacha," akasema, "iko wapi ile kadi wanayopewa wageni? Yenye herufi?"

Mama Pacha alifikiri kidogo. Kadi zilikuwa mapokezi, zimepangwa kwenye kisanduku. Kila mgeni anayetembelea kiwanda anapewa moja, ina alfabeti ya wino juu na nukta zake chini, waende nyumbani wakaonyeshe watoto. Akaenda akaleta. Shangazi akamwambia afunge mlango, avae miwani vizuri, aiweke karatasi karibu na dirisha ili mwanga uje kwa ubavu na nukta zitupe vivuli. Kisha atazame kidole cha Shangazi kiko wapi, aanzie hapo, aandike herufi moja moja anayoiona, bila kukisia.

"Na wewe utasemaje?" Mama Pacha akauliza.

"Mimi sitasema kitu. Nikisema utaandika nilichosema."

Ikachukua karibu nusu saa. Mama Pacha alihesabu nukta kwa ncha ya penseli, akatazama kadi, akatazama karatasi, akahema, akafuta, akaandika. Mara mbili alilalamika kwamba huyu aliyebuni maandishi haya alikuwa na chuki na watu wa miwani. Shangazi alikaa na mikono yote miwili mapajani. Hakuwahi kuona nusu saa ndefu namna ile, na alikuwa amewahi kuzaa. Alisikia penseli ikiandika, ikisimama, ikiandika. Alijaribu kuhesabu herufi kwa mikwaruzo akashindwa.

"Nimeandika r na u," Mama Pacha akasema mwishowe. "Halafu hapa sijui nimeandika nini. Ni Kiingereza, Shangazi. Ni Kiingereza kabisa, kina neno la onyo hapa mwanzoni."

Akamsomea. Yalikuwa maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule, hata herufi aliyokuwa na shaka nayo. Shangazi alifunika uso kwa viganja. Alilia kwa sauti kidogo, bila haya, na Mama Pacha akamkumbatia huku bado ameshika kadi, akilia naye bila kujua hasa wanalia nini. Vidole vilikuwa hai. Vyote, hata kile kigumu.

Mtaalamu alipoletewa ile karatasi ya penseli, aliitazama mara moja tu. Rangi ilimtoka, Mama Pacha alisimulia baadaye. Akakaa kwenye kiti cha karibu, ambacho kilikuwa cha Shangazi, akainuka, akaomba radhi, akakaa kwenye boksi.

"Hii ni sauti ya mashine yangu," akasema. "Naiona kila siku kwenye kioo cha kompyuta."

Akawaeleza, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akasema sentensi zaidi ya tatu mfululizo. Programu ya kiwanda, alisema, yenyewe haijui nukta nundu. Inachofanya ni kumtuma mwingine. Inaita amri iliyomo ndani ya kompyuta, inaipa maandishi ya kitabu, inakaa kuingoja, na chochote amri inachokitoa, programu inakikinga, kama maji kwenye ndoo, na kukipeleka kwenye mashine ya kuchapa. Sasa, amri ina midomo miwili. Mmoja wa kutolea kazi, mwingine wa kulalamikia. Ikikutana na alama isiyoijua, kama kile kiduara cha nyuzijoto katika Jiografia, inaendelea na kazi kwa mdomo wa kwanza na kulalamika kwa mdomo wa pili. Zamani programu ilikinga mdomo wa kwanza tu, na malalamiko yalipotea hewani. Mwezi wa tatu Meneja alitaka kumbukumbu ya hitilafu zote, na yeye Mtaalamu, ili asikose hata moja, akaiambia programu ikinge midomo yote miwili.

"Nikaweka ndoo moja," akasema. "Ndoo moja chini ya mifereji miwili. Ndiyo maana nikiiendesha kwa mkono inatoka safi, kwa sababu nikiwa mimi, lalamiko linakuja kwenye kioo na kazi inakwenda kwenye faili. Ikiwa programu, vyote vinaingia pamoja."

Mama Pacha akauliza mbona basi ule ukurasa wa sitini na moja ulipochapwa peke yake haukuwa na kitu. Mtaalamu akajishika kichwa. Kwa sababu kiduara hakikuwa ukurasa huo, alisema. Kilikuwa kurasa kadhaa mbele. Kazi huwa inatoka kwa mikupuo, amri inajaza kwanza ndipo inamwaga, lakini lalamiko halingoji, linaropoka papo hapo. Kwa hiyo linaangukia mahali popote, hata katikati ya neno, mbali na kosa lenyewe. Wao walichapa ukurasa uliolalamikiwa bure na kuuacha wenye kosa. Jaribio lao la haki halikuwa la haki hata kidogo.

"Nisamehe, Shangazi," akasema. "Nilitazama kila mahali isipokuwa kwenye karatasi."

Marekebisho yenyewe yalimchukua dakika kumi: ndoo mbili, kila mfereji na yake, na lalamiko likitokea programu isimame na kumwita mtu. Shangazi aliambiwa hivyo na akaitikia kwa kichwa, lakini akili yake ilikuwa imeshahama. Mwezi wa tatu, kijana alikuwa amesema. Mwezi wa tatu.

Meneja akaja, amesikia yote, na nampa haki yake: aliomba radhi mbele ya watu wote, palepale alipoisomea barua. Akasema habari ya mapokezi ifutwe, akasema kidole hiki kimeokoa kitabu kizima, akataka kuita mpiga picha. Watu wakapiga makofi. Wakati ule Shangazi angeweza kunyamaza. Alikuwa na ushindi wake mkononi, mzima, hauna doa, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa na namna ya kujua. Vitabu vitatu vilikuwa mbali, shuleni, na sahihi yake ilikuwa kwenye kila kimoja.

Alipiga moyo konde.

"Msipige makofi kwanza," akasema. "Si mara ya kwanza. Niliukuta kwenye vitabu vitatu tangu mwezi wa tatu. Niliugusa, nikauruka, nikavipitisha."

Mama Pacha alikuwa wa kwanza kuelewa, kwa sababu yeye ndiye aliyesomewa. Akauliza kwa sauti ndogo kama kweli alikuwa anamsomea maneno ambayo hayapo chini ya kidole. Shangazi akasema ndiyo. Akataja vitabu, kimoja kimoja. Alisema alidhani ni vidole, na aliogopa kunyang'anywa kiti kuliko alivyoogopa kitabu kibaya. Hakujitetea zaidi ya hapo. Kama anahamishwa sasa, alimwambia Meneja, atahamishwa kwa kosa lake mwenyewe na hatakuwa na kinyongo.

Meneja akasema yeye hamhamishi mtu leo. Kwanza waipigie simu shule. Na atakayepiga, akaongeza, ni Shangazi.

Kesho yake asubuhi wakaipata kwenye simu shule ya bweni ya watoto wasioona, iliyopelekewa vitabu vyote vitatu. Mwalimu wa kusoma, mwanamume mpole anayeona, alisikiliza mpaka mwisho. Sayansi na afya zilikuwa bado kwenye maboksi. Lakini hadithi ya darasa la nne, alisema, inasomwa tangu muhula uliopita. Kisha sauti yake ikabadilika. Akasema kuna mtoto mmoja, msichana wa miaka kumi. Alikuwa msomaji wao bora. Muhula uliopita, akisoma mbele ya darasa, alifika mahali akaanza kusema maneno ya ajabu; mwalimu akatazama kitabu chake cha wino, hayapo, akamwambia asitunge. Mtoto akashikilia yapo. Wenzake walikuwa bado nyuma sana, hakuna aliyefika ukurasa ule. Wakaona pengine vidole vyake vina tatizo au anafanya ujeuri, wakamrudisha darasa la tatu aanze herufi upya. Mwalimu alisema hayo taratibu, kama mtu anayejisikia anavyoyasema.

Shangazi aliomba aongee na mtoto huyo. Akamtuma Mama Pacha rafuni, akaletewa nakala ya kiwanda ya kitabu kilekile, akaifungua mapajani, simu imebanwa begani. Ilikuwa hadithi ya paka aliyehamia ofisi ya posta. Akausikia mlango ukifunguliwa upande wa pili, kiti kikivutwa, kisha pumzi ya mtoto karibu sana na simu. Mtoto akasalimu kwa adabu, shikamoo, na Shangazi akaitikia marahaba. Akamwambia yeye ni msomaji kama yeye, wa vidole, na kwamba wana kitabu kimoja. Je, anaweza kumsomea ukurasa wa kumi na mbili?

Mtoto akaanza. Alisoma vizuri mno, sauti ndogo isiyotetereka, akipumzika kwenye vituo, na kidole cha Shangazi kilikwenda naye sambamba mstari kwa mstari. Mtu wa darasa la tatu hasomi hivyo. Walifika mstari wa tisa. Karani akapiga chafya, akasoma mtoto, paka akaruka juu ya meza ya barua, akaangusha wino.

Alilisema neno meza lote, bila kusita, bila hata kupunguza mwendo. Chini ya kidole cha Shangazi lilikuwa me, halafu onyo lote lile, halafu za.

"Umeruka mstari," Shangazi akasema.

Mtoto akaacha kusoma.

"Hapo hamna kitu," mtoto akasema. "Mwalimu alisema hamna kitu."

"Na kidole chako kinasemaje?"

Shangazi alisikia karatasi ikikwaruzwa kidogo, mkono mdogo unarudi nyuma. Kisha mtoto akaanza kuutamka, herufi moja moja, kwa sauti ya chini kama anayesema jambo ambalo ataadhibiwa kwalo, na Shangazi akafuata kwa kidole chake, herufi kwa herufi, vituo kwa vituo, mpaka mwisho.

"Ndivyo ilivyoandikwa, mwanangu," akamwambia. "Ulisoma sawasawa. Mimi ndiye niliyeruka."